Kishikwambi Mezani: Namna ya Kukifanyisha Kazi za Laptopu

Kama una kishikwambi nyumbani na kazi zako za kila siku ni kuandika, kujumlisha, kutuma na kusoma, usikimbilie kununua laptopu ya mtumba yenye betri iliyochoka. Nafundisha Kiswahili na Jiografia katika sekondari ya kata wilayani Newala, na katika kikundi chetu cha hisa mimi ndiye katibu. Maandalio ya masomo, mitihani, matokeo, barua, mihtasari ya vikao, daftari la mikopo: yote nayafanyia kwenye kishikwambi cha inchi 10, na karatasi zikishachapwa hakuna anayeweza kuzitofautisha na za mwenye kompyuta. Naeleza hapa ninavyofanya, kwa sababu inaniuma kuona vifaa vizuri hivi vinaishia kuonyeshea watoto katuni.

Walimu wengi wa Tanzania walivizoea baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vya makarani vilipogawiwa shuleni. Hicho cha shule ni mali ya serikali na kina utaratibu wake. Ninachozungumzia hapa ni changu mwenyewe: cha Android, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64. Chini ya hapo kinafunguka kwa kujikokota, hasa ukifungua jedwali huku ukurasa wa intaneti upo wazi.

Kabla ya programu yoyote, tafuta kibodi. Hili ndilo linalotenganisha kishikwambi cha kuangalia na kishikwambi cha kazi. Kuandika mtihani wa kurasa nne kwa kugonga kioo ni adhabu: nusu ya kioo inamezwa na herufi, vidole vinachoka na huoni ulichoandika juu. Kibodi ndogo ya Bluetooth inatosha, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya laptopu. Ukiwa na kibodi ya zamani ya kompyuta ya mezani, ya waya, nayo inafaa: nunua kile kipande cha OTG kinachoingia kwenye tundu la chaja, chomeka kibodi, itafanya kazi papo hapo bila kusakinisha kitu. Mausi vilevile, ukiichomeka tu unaona mshale umetokea kwenye kioo. Wengi hawaamini mpaka waone.

Kwangu nachagua kibodi iliyo peke yake, siyo ile iliyoshonwa kwenye kava. Sababu ni shingo. Kishikwambi nakiegemeza juu ya vitabu vitatu vya kiada mpaka kioo kifike usawa wa macho, kibodi inabaki chini mezani, mikono imelala. Laptopu haikupi nafasi hiyo, maana kioo na kibodi vimeungana, na anayesahihisha insha za darasa zima anajua mgongo unavyodai haki yake ifikapo jioni.

Ukishapata kibodi, jifunze vitufe vichache mpaka vidole vivijue vyenyewe. Ctrl na C kunakili, Ctrl na V kubandika, Ctrl na Z kurudisha ulichofuta, Ctrl na B kukoleza herufi. Alt na Tab inakurusha kutoka programu moja hadi nyingine, kwa mfano kutoka kwenye muhtasari wa somo hadi kwenye andalio unaloandika. Ukishika Shift huku unabonyeza mishale, unachagua maneno bila kuhangaika na vile vialama vya kuvuta kwa kidole, ambavyo hukataa kusimama unapotaka.

Halafu tuliza lugha. Kibodi ya kioo ya Google ikiwa imewekwa Kiingereza peke yake, itakugeuzia maneno ya Kiswahili kuwa kitu kingine kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya lugha ya kibodi, ongeza Kiswahili, chagua cha Tanzania au cha Kenya. Faida ya pili inakuja hapo hapo: kuandika kwa sauti. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma hiyo mwaka 2017. Mimi huitumia kwa rasimu ya barua na kwa muhtasari wa kikao wakati mambo bado mabichi kichwani. Bonyeza alama ya maikrofoni, sema kwa mwendo wa kawaida, kisha upitie na kibodi uweke nukta na aya. Kwa mtihani siitumii. Swali la mtihani linataka kila neno lipimwe.

Programu za kuandikia ziko za aina mbili zinazofaa. Za Google, yaani Docs ya maandishi na Sheets ya majedwali, hazilipiwi na unapata hifadhi ya GB 15 mtandaoni, ingawa humo humo zinaingia barua pepe zako na picha. Za Microsoft, Word na Excel, ni bure kuhariri kwa matumizi binafsi ikiwa kioo hakizidi inchi 10.1, kikizidi, unasoma bure lakini kuhariri kunadai usajili wa kulipia. Kwa hiyo ukienda dukani na unajua kazi zako ni za Word, usivutiwe na kioo kikubwa bila kulifikiria hilo. Natumia Google kwa kazi za kikundi, kwa sababu mhazini naye anaona, na Word kwa mitihani, kwa sababu ofisi ya taaluma inataka faili la Word.

Intaneti ya kwetu haitabiriki, kwa hiyo kila faili ninalolifanyia kazi wiki hii nalichagulia lipatikane nje ya mtandao. Kwenye Docs na Sheets unagusa vidoti vitatu pembeni ya jina la faili na uchaguzi huo upo. Ukifanya hivyo mapema, utaandika nyumbani bila bando, na mabadiliko yatapanda yenyewe utakapopata mtandao. Na mafaili yape majina yanayojieleza. Jina langu la faili huanza na mwaka, kidato, somo, kisha kazi: 2025 Kidato 3 Jiografia Jaribio 2. Ukiacha majina ya aina ya "Hati isiyo na jina", mwezi wa mitihani utafungua faili moja moja kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Sasa tuje kwenye mtihani wenyewe, maana hapo ndipo watu hukata tamaa na kurudi kumlipa mtu wa steshenari awachapie.

Jambo la kwanza kabisa, kabla hujaandika hata jina la shule, ni kuangalia ukubwa wa karatasi. Programu hizi mara nyingi zinakuja zimewekwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa 279. Sisi tunachapa kwenye A4, milimita 210 kwa 297. Tofauti ni ndogo machoni lakini ukichapa, mistari inasogea, swali la mwisho linarukia ukurasa wa tano, na kwa wanafunzi mia moja na themanini hizo ni karatasi mia moja na themanini za bure. Fungua mpangilio wa ukurasa, weka A4, ndipo uanze. Word nayo ina mwonekano wa simu, ambao unapanga maneno yajae kwenye kioo. Hariri ndani yake ukitaka, lakini kabla ya kumaliza rudi kwenye mwonekano wa ukurasa uone karatasi itakavyokuwa.

La pili, usipange vitu kwa kubonyeza nafasi nyingi. Alama za kila swali upande wa kulia, au Orodha A na Orodha B kwenye swali la kuoanisha, ukizipanga kwa nafasi zitaonekana sawa kwenye kioo chako na zitavurugika kwenye kompyuta ya mwenzako. Weka jedwali la safu mbili, andika ndani yake, kisha ondoa mistari ya jedwali. Hata faili likifunguliwa wapi, Orodha B itabaki kwenye safu yake.

Ramani na michoro ndipo kishikwambi kinaposhinda laptopu waziwazi, kwa sababu kina kamera. Naweka kipande cha ramani juu ya meza yenye rangi nyeusi, karibu na dirisha, naizima taa ya kamera ili karatasi isimetemete, napiga picha nikiwa nimesimama wima juu yake. Kisha nakata kingo, naigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, naongeza ukolezo mpaka mistari ya kontua isimame. Ramani ya rangi ikichapwa kwenye mashine ya kudurufu bila kufanyiwa hivyo inatoka kijivu kitupu, na mwanafunzi hawezi kukokotoa mteremko kwenye kijivu. Jaribu kwanza nakala moja. Mwalimu wa Hisabati ana mtihani mgumu zaidi hapa, kwa sababu kuandika milinganyo kwenye kishikwambi kunasumbua; rafiki yangu anayefundisha somo hilo huandika milinganyo mirefu kwa mkono vizuri, anaipiga picha na kuiweka kama mchoro. Inapendeza kuliko alama zilizokosewa.

Ukimaliza, hifadhi nakala mbili: moja ya Word ya kuhariri siku nyingine, na moja ya PDF ya kuchapa. Inayokwenda steshenari ni PDF tu. PDF haibadiliki mwandiko wala mpangilio, hata kompyuta ya pale ikiwa ya zamani. Ukiituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, siyo picha ya kioo. Lakini kwa mtihani mimi situmi kwa WhatsApp wala barua pepe, kwa sababu faili linabaki kule. Nabeba flashi, naisimamia kompyuta mpaka nakala zitoke, nahakikisha hakuna nakala iliyoachwa kwenye desktop ya kompyuta wala kwenye pipa lake la taka, na naondoka na flashi yangu pamoja na karatasi zilizochapwa vibaya. Watoto wetu wanastahili mtihani ambao hakuna aliyeuona kabla yao.

Kuhusu flashi: kishikwambi kinaisoma kupitia kile kipande cha OTG, ila ikiwa imeandaliwa kwa mfumo wa NTFS vishikwambi vingi vitaikataa. Omba iandaliwe upya kwenye kompyuta kwa mfumo wa exFAT au FAT32, baada ya kuhamisha vilivyomo. Virusi vya Windows havikiumizi kishikwambi, lakini flashi inaweza kuvibeba kutoka steshenari hadi kompyuta ya mkuu wa shule, kwa hiyo flashi ya mitihani usiitumie kwa miziki.

Matokeo sasa. Hapa naomba uvumilie kidogo, kwa sababu kuna mtego ambao unaweza kumpa daraja A mwanafunzi asiyefanya mtihani.

Kwenye Sheets au Excel, mstari wa 1 uwe wa vichwa; safu ya A weka namba, B jina, C alama. Madaraja ya kidato cha nne yanajulikana: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Wengi huandika fomula ya IF moja kwa moja juu ya alama. Mwanafunzi ambaye hakuwapo wanamwandikia ABS. Jedwali linapolinganisha maneno na namba, linayahesabu maneno kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo ABS inakuwa kubwa kuliko 75, na mtoto anapata A. Ukiacha kisanduku kitupu, kinahesabiwa sifuri, anapata F. Yote mawili ni uongo kwenye ripoti itakayosomwa na mzazi. Fomula salama inauliza kwanza kama kilichomo ni namba:

=IF(ISNUMBER(C2),IF(C2>=75,"A",IF(C2>=65,"B",IF(C2>=45,"C",IF(C2>=30,"D","F")))),"")

Iandike kwenye D2 kwa mkono. Ukiinakili kutoka kwenye ujumbe wa simu, zile alama za kufungua na kufunga semi huwa zimepinda, na jedwali litakataa. Ili kuishusha darasa zima, usivute kwa kidole. Gusa D2, nakili, chagua D3 hadi mwisho wa orodha, bandika. Kwa nafasi za darasa lenye wanafunzi 60:

=RANK(C2,C$2:C$61)

Hizo alama za dola zinazuia orodha isiteleze unapobandika chini. Ukizisahau, wanafunzi wa mwisho watashindanishwa na visanduku vitupu na wote watatoka na nafasi nzuri. Mahali pasipo na alama RANK italeta kosa, na hilo ni sawa: futa tu fomula kwenye mstari huo. Mwisho, hesabu A ngapi kwa COUNTIF, na ugandishe mstari wa juu na safu ya majina ili ukishuka hadi mwanafunzi wa hamsini bado uone unamjazia nani. Kazi hii inakwenda haraka mkiwa wawili, mmoja anasoma alama kwenye karatasi, mwingine anaingiza na kurudia kwa sauti.

Jedwali hilo hilo ndilo linaloendesha kikundi chetu. Kila mwanachama ana namba, na kila malipo ni mstari mmoja: namba, tarehe, kiasi, aina. Ukitaka hisa zote za mwanachama namba 7, SUMIF inazikusanya kutoka safu nzima. Siku ya kikao nakilaza kishikwambi mezani katikati ya mkeka wa akina mama, na kila mmoja anaangalia mstari wake ukiandikwa. Hilo laptopu haliwezi vizuri, kwa sababu kioo chake humtazama mtu mmoja. Mhazini nimempa ruhusa ya kuangalia bila kuhariri, na daftari la karatasi bado tunalo, tunasaini humo kabla ya kuondoka. Fedha za watu zinataka mashahidi wawili.

Kwa mambo ya mtandaoni, mifumo mingi ya maombi imejengwa kwa kioo cha kompyuta. Ukifungua Ajira Portal ya maombi ya kazi serikalini au maombi ya mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na ukaona vitufe vimefichika, gusa vidoti vitatu vya Chrome na uchague toleo la kompyuta, kisha laza kishikwambi kwa upana. Kabla ya kuanza kujaza, tengeneza folda moja ya nyaraka: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, picha ndogo. Vyeti viskani kwa programu ya Google Drive, ambayo inanyoosha kingo na kutoa PDF moja kwa moja. Faili likiwa zito kupita kiwango kinachotakiwa, skani upya kwa nyeusi na nyeupe badala ya rangi. Gawa skrini mara mbili, upande mmoja fomu na upande wa pili cheti, ili namba ya mtihani uinakili ukiwa unaiona. Kijana wa jirani nilimsaidia kwa njia hii, na tuliyoitafuta kwa muda ilikuwa karatasi moja tu iliyokuwa sandukuni kwa bibi yake.

Umeme hauhitaji maelezo mengi. Chaja ya laptopu nyingi ni wati 45 hadi 65. Ya kishikwambi ni 10 hadi 18. Pawabenki ya mAh 20,000 inakijaza kishikwambi mara mbili hivi, na sola ndogo ya nyumbani inakimudu. Msimu wa matokeo, umeme ukikatika saa mbili usiku, mimi naendelea.

Vikao vya mtandaoni vinafanyika bila shida. Kilaze kwa upana, zima picha yako ukiwa husemi ili bando lidumu, na tumia spika za masikioni za waya.

Yapo ambayo kishikwambi hakifai, na ni heri uyajue kabla hujatoa laptopu kwa mtu. Programu yoyote inayosakinishwa kwenye Windows, iwe ya ratiba ya shule au ya uhasibu, haitaingia. Printa za zamani za waya nyingi hazitaitambua Android; za Wi-Fi hukubali. Na tasnifu yenye tanbihi nyingi na yaliyomo yanayojipanga yenyewe usiimalizie humu. Dada mmoja tunayefundisha naye anasoma shahada ya uzamili kwa kujiendeleza, na tulikubaliana hivi: sura zote anaziandikia kwenye kishikwambi usiku, kila kichwa cha habari anakipa mtindo wake wa Heading 1 au Heading 2 badala ya kukikoleza tu, kisha anahifadhi kama DOCX. Siku ya Jumamosi anakwenda kwenye kompyuta ya shule, anaingiza yaliyomo, namba za kurasa na tanbihi zilizobaki, na kwa sababu vichwa vimeshapewa mitindo, orodha nzima ya yaliyomo inatokea kwa kubonyeza mara moja.